Jumapili Nilipokuwa Mtu wa Havana

Bellevue, Johannesburg
12 Novemba 2018

Dada yangu Marthe,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Joël na watoto wote, hata yule wa mwisho ambaye namjua kwa picha tu. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Usilibebeshe ndoo, watoto wamekua, wachote wao. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Huku mijakaranda imechanua, na barabara yetu imekuwa zambarau toka juu hadi chini. Asubuhi nikitoka natembea juu ya maua kama bwana arusi asiye na bibi. Barua hii anakuletea Murielle, msusi wa nywele jirani yangu, anayerudi Bukavu kumwona mama yake. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu wewe huongea kuliko mimi, na neno nililo nalo halitaki kukatwa katikati.

Nimepata ujumbe wako kuhusu tarehe 22 Desemba, siku ya kuweka msalaba kwenye kaburi la Papa. Umesema mtaa mzima utaalikwa isipokuwa nyumba ya Mama Marcellin, na kwamba mtu wa nyumba ile akikanyaga pale utamtoa kwa mkono wako. Nimeusoma mara nyingi ujumbe huo. Lakini acha kwanza nikueleze kazi yangu, maana mnajua tu kwamba naimba mahali, na sikuwahi kuwaambia naimba kama nani.

Unakumbuka Papa alivyokuwa akinyoa ndevu Jumapili, akiimba zile nyimbo za Kuba alizozishika kwenye santuri za ujana wake, enzi za orkestra yake pale Kadutu. Kihispania hakujua hata cha kuombea maji. Tukimwuliza maana ya maneno, alisema miguu imeshaelewa, kichwa kinataka nini tena. Nilidhani ni mzaha. Sasa naamini alikuwa anasema kweli kabisa, kwa sababu nyimbo zile ndizo zilizonilisha huku.

Mwaka 2015, watu walipoanza kuwawinda wageni, mimi na wenzangu tulijifungia chumbani siku nne tukizungumza kwa kunong'ona. Kiswahili chetu kikisikika dirishani kilitosha kututaja. Wiki chache baadaye nilipata kibarua cha kupaka rangi ukuta wa mgahawa mmoja upande wa kaskazini. Nilikuwa naimba wimbo wa Papa, brashi mkononi, na tajiri akasimama kunisikiliza, kisha akaniuliza kama mimi ni Mkuba. Nikasema ndiyo. Ndivyo ilivyoanza, Dada, kwa neno moja. Nikawa Emilio wa Havana, kila Jumapili kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi.

Usicheke. Mpiga tarumbeta wetu ni Mzulu, wa ngoma ni Mtanzania, wa gitaa ni mtoto wa Lubumbashi, na kibao cha mlangoni kinasema wote tumetoka Havana. Sharti la tajiri lilikuwa moja tu, kwamba mbele ya wateja tusiseme lugha ya kwetu. Mkuba hapa anakumbatiwa. Wazee wanawakumbuka Wakuba waliosimama nao siku za kupigana na ubaguzi. Mkongomani anaulizwa karatasi. Ngozi ni ileile na sauti ni ileile, lakini nilipokuwa Emilio watu walinivutia kiti.

Mkuba wa kweli tuliyempata ni mama mmoja, Nereida, ambaye mumewe ni mhandisi huku. Siku ya kwanza aliponisikia nilijua nimekwisha. Alingoja tumalize, akanivuta kando, akasema nusu ya maneno yangu ni Kihispania na nusu ni mali ya baba yangu, yeyote aliye. Sikuweza kumdanganya. Badala ya kunichoma kwa tajiri, alianza kunifundisha, ila wimbo wa Papa alikataa kuusahihisha. Akanieleza kwamba bibi yake kule kwao alikuwa akiimba akitwanga, maneno ya zamani ya Kikongo, ambayo hakuna mtu nyumbani aliyejua maana yake. Akaniimbia. Nami sikuelewa, ila nilihisi kama nimewahi kulala mgongoni mwa mtu anayeimba vile. Tukawawaza, yeye na mimi, wale wawili, Papa na bibi yake, walioimba kila mmoja lugha ya mwenzake, bahari katikati, na wala hawakuulizana.

Baada ya hapo nilianza kuota kwa Kihispania. Papa alinijia katika ndoto, kanzu yake ya Jumapili imenyooshwa, akinisimulia mambo marefu kwa Kihispania safi, nami nikimjibu, na katika ndoto haikutushangaza. Nilikuwa naamka na furaha. Nakuambia haya ili ujue kwamba hakuna aliyenilazimisha. Nilipenda kuwa Emilio.

Sasa sikiliza, Dada, na ukiweza keti.

Unajua niliibiwa simu Hillbrow Januari 2017, na namba zenu zote zikaenda nayo. Nilisema nitazitafuta, nikachelewa. Machi, Jumapili moja, jua likipenya kwenye majani ya mzabibu juu ya meza, nilikuwa katikati ya wimbo wa Papa. Kijana mwenye sare ya ulinzi akaingia uani, akaja moja kwa moja hadi mbele yangu. Akasema, “Emery, ni miye Marcellin wa Kadutu. Mzee ni mgonjwa sana, anakuulizaka kila siku.”

Wateja wakageuka kututazama. Tajiri alikuwa amesimama na sinia yake, ananiangalia. Nikatabasamu. Nikamwambia Marcellin kwa Kihispania, polepole, kwa upole wa kuigiza, kwamba samahani bwana, sikuelewi. Wateja wakacheka kidogo. Marcellin akanitazama machoni, akavua kofia, akaniomba radhi kwa Kifaransa kwamba amenifananisha na mtu mwingine. Akaondoka. Mimi nikamaliza wimbo.

Nilijiambia nitamtafuta kesho. Kesho ikaja na aibu yake, nikaisukuma mbele, na keshokutwa vilevile. Papa akafariki siku ya kumi na moja baada ya Jumapili ile. Nilipopata namba yako kupitia kanisa, mlikuwa mmeshazika, na mlikuwa mmeshaamua kwamba Marcellin, mliyemtuma kwa simu anitafute huku, alilewa tu, hakujisumbua kunitafuta. Ukanieleza jinsi mama yake alivyoleta sufuria ya maharagwe matangani ukairudisha ikiwa imejaa. Nikakusikiliza, nikakuitikia. Niliogopa kuitwa mtoto aliyemkana baba yake, na nilikuwa ndiye.

Jumamosi, kwa sababu ya ujumbe wako, nilimtafuta Marcellin. Analinda geti la fleti Doornfontein. Nilipoanza kumwomba msamaha alinipa kiti chake, yeye akasimama. Akasema alinijua kabla hajauona uso wangu, maana hakuna mwingine duniani anayeuimba wimbo ule kwa maneno ya mzee. Nikamwuliza kwa nini basi aliwaambia hakunipata. Akasema siku ile alipopiga simu, aliyepokea ni Papa mwenyewe. Alimsikia anavyopumua. Akaona heri mzee afe akijua mwanawe hajapatikana kuliko kujua amepatikana na amekataa. Mengine mliyosema juu yake aliyaacha yapite. Hata mama yake hakumwambia.

Jana nilikwenda mgahawani, nikawaambia wateja kwa Kiswahili jina langu na mji wangu. Tajiri hajasema bado kama nirudi, nami sijauliza.

Dada, nenda kwa Mama Marcellin. Usimtume mtoto, nenda kwa miguu yako na goti lako. Mketishe uani majirani wakiwapo, umsomee barua hii yote, hata pale panaponiumbua. Na tarehe 22, wakati wa kuyasoma majina ya watoto wa Papa mbele ya msalaba, mkiona langu lirukwe, sitanung'unika. Lakini la Marcellin lisomwe.

Nisalimie shemeji na watoto, na wote watakaoniulizia hata baada ya kusikia haya. Mungu akulinde, wewe na goti lako.

Ni mimi mdogo wako,
Emery