Nakuuliza Dada, Unanijibu Barabara

Butiama, 12 Januari 2025

Mugeta,

Una haya wewe? Krismasi umekuja hapa, umekula kuku wangu mpaka ukalamba viwiko, halafu ukaondoka kabla sijaamka kama mwizi wa mihogo. Umeniachia kapu la furu wakavu wa soko la Mwigobero, ati tumpelekee dada yangu, na ahadi. Samaki nimeshukuru. Ahadi hailiwi.

Hujambo lakini? Kifua kimepoa? Mimi mzima, goti tu. Simu nimemrudishia Ghati wa jirani, maana kila nikianza habari ya safari unasema mtandao unakata. Barua haikati. Darasa la nne langu linatosha kukugombeza, na Machage wa hiace ataifikisha.

Sikiliza. Nataka unipeleke kwa dada yangu Dorotea, ng'ambo ya Mto Mara, sasa hivi, kabla masika haijaanza. Mwezi wa kumi alituma neno kwamba mguu umevimba, hawezi kutoka, niende mimi. Basi halifiki kule, na siendi kwa dada yangu nimekumbatia mgongo wa mtoto wa watu. Nililiuza dume langu jeusi la ng'ombe upate hiyo pikipiki, ukasema safari ndefu ya kwanza ni yangu. Dume langu ndilo linalounguruma chini ya makalio yako, usisahau.

Tena usiniambie njia mbaya. Novemba ulikwenda huko kaskazini na wenzako, ati kupiga picha, mvua inanyesha, ukarudi na tope mpaka masikioni. Ulikufa?

Mguu wa dada unaendeleaje? Wewe una simu ya watoto wake. Uliza, uniambie.

Bibi yako,
Dafroza


Bweri, Musoma, 20 Januari 2025

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Kifua kimepoa, kazi inaenda, abiria wapo. Baba mkubwa Stanslaus wa Bunda anakusalimu sana, na mama mkubwa Sara, na watoto wao, na mafundi wote hapa kijiweni kwetu wanasema shikamoo Bibi.

Kuhusu safari, Bibi, nimeuliza wenzangu wanaopeleka wageni. Wanasema wakati mzuri wa kupita kaskazini kwa pikipiki ni Juni mpaka Septemba. Tope limekauka, mito imeshuka, hewa ya baridi. Januari jua ni kali, na vuli imeacha mashimo kuanzia Isenye mpaka Mugumu. Mgongo wako utaumia. Halafu ukienda kuanzia Julai unaweza kuwaona nyumbu wanavyovuka Mto Mara! Watu wanatoka Ulaya kuja kuona hayo.

Vumilia kidogo. Nitakununulia helmeti nzuri.

Mjukuu wako,
Mugeta


Butiama, 2 Februari 2025

Mugeta,

Marahaba. Wasalimu hao mafundi, waambie mimi si bibi yao.

Nyumbu! Mimi nimekuomba nyumbu? Kwetu Isenye nilikozaliwa nyumbu walikuwaga wanapita nyuma ya choo, tunawafukuza kwa mawe wasikanyage mtama. Mzungu hajawahi kumfukuza nyumbu chooni, mwache alipe aone. Mimi nataka kumwona Dorotea.

Unanifundisha wakati mzuri? Huo mto mimi na dada tulikuwaga tunauvuka kwa miguu tukienda kwa shangazi. Yeye mbele anapima maji kwa fimbo, anatupa mawe mamba wakae mbali, mimi nyuma nimeshika pindo la shuka yake. Nikilia, ananizaba kofi, tunaendelea. Hakuniambia ngoja Juni, Dafroza, maji yatashuka.

Furu wako nimewatundika juu ya meko wasiingie wadudu. Dada anawapenda wa hivyo, wa moshi. Nimesaga na ulezi wa uji wake. Vitu viko tayari, mimi niko tayari, dume langu lina mafuta. Nani hayuko tayari?

Na nilikuuliza mguu unaendeleaje. Hukujibu. Jibu.

Bibi yako,
Dafroza


Bweri, 25 Februari 2025

Bibi,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama, na dawa za presha unakunywa. Sisi wazima. Baba mkubwa alikuwa hapa juzi, anakusalimu, anasema usifanye kazi nzito.

Bibi, mwaka huu mvua inaonekana itawahi. Wenzangu wanasema kile kidaraja baada ya Mugumu kimeanza kuliwa na maji, na tope jeusi la kule likishika tairi hutoki. Tairi langu la nyuma nalo limeisha. Nafikiri hata Juni ni mapema mno. Tuseme Septemba kabisa, ndiyo salama.

Tafadhali usikasirike.

Mjukuu wako,
Mugeta


Butiama, 30 Machi 2025

Mugeta,

Leo sikusalimu.

Nilizisoma barua zako tena, polepole, kidole juu ya neno. Umewataja wote, mpaka mafundi wa kijiweni. Kidaraja umekitaja. Tairi limeisha, nikaambiwa. Dorotea hukumtaja hata mara moja. Nakuuliza dada, unanijibu barabara.

Nikapanda hiace ya Machage mpaka Bunda. Stanslaus hakuwepo, nikamkuta Sara anachambua mboga. Sikumuuliza kama dada yangu amekufa. Nilimuuliza tu: "Walimlaza upande gani wa nyumba?" Akasema, "Nyuma ya zizi, mama." Halafu akashika mdomo na mboga zikamwagika.

Novemba! Ile safari yako ya picha ilikuwa matanga. Ulimzika dada yangu, ukanawa tope, Krismasi ukaja kukaa kwenye kigoda changu ukiniambia tutakwenda, Bibi, tutakwenda. Na furu! Ulisimama Mwigobero ukachagua samaki wa kumpelekea mtu uliyemtupia udongo kwa mkono wako. Ulikuwa unawaza nini ukiwachagua wanene?

Sara anasema ni amri ya Stanslaus, ati presha yangu. Presha ni yangu. Dada ni wangu. Mimi nilimzaa Stanslaus, hakunizaa yeye. Nani alimpa ruhusa ya kuniwekea kilio changu mpaka Septemba kama mbegu? Miezi yote hii nimekuwa nasagia marehemu uji, nacheka peke yangu jikoni nikiwaza atakavyonitukana kwa kuchelewa. Na amekufa anajua Dafroza aliitwa, hakuja.

Sasa wakati mzuri nauchagua mimi. Ni huu, wa mvua.

Jumamosi asubuhi uwe hapa mlangoni. Njoo na helmeti mbili, ya kwangu iingie juu ya kilemba. Stanslaus naye aje, kwa pikipiki ya kukodi, alowe kama mimi. Sitaki mwavuli. Furu na ulezi nitavibeba mwenyewe, watoto wa Dorotea watakula. Tukikwama mtasukuma. Nikianguka mtaniokota. Tukifika mto umejaa, tutalala ukingoni mpaka upungue, na hakuna atakayeniambia turudi.

Pale nyuma ya zizi mtasimama mbali. Usinishike bega. Usiniambie basi Bibi, inatosha. Nitanyamaza nikimaliza.

Usinijibu kwa barua. Badilisha hilo tairi, uje.

Bibi yako,
Dafroza