Mama Tumpe Amefia Wapi?

Kijiji cha Ipyana, Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, na moyo wangu hauna tofauti na njia ya kisimani: tope tupu.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba. Leo nimejaza fomu ya kipindupindu. Waliougua, kumi na mmoja. Waliofia kijijini, sifuri. Niseme ukweli? Niliifurahia ile sifuri. Nilijisifu moyoni kwamba kelele zangu za kunawa mikono zimesikika.

Mchana nikapita kwa Tumpe kumpa pole. Mama yake, muuza mchele, alianza kuharisha hapahapa Jumamosi. Akavuka mto Songwe akiwa hivyohivyo kwenda kwa kaka yake Malawi, akafia huko, wakamzika huko. Tumpe akaniuliza kama mama yake yumo kwenye fomu. Nikamweleza kwamba hakufia kijijini.

"Ndaga, dada," akanishukuru, kana kwamba nimempa kitu. "Mjomba naye kauliza kule. Wamesema si mkazi wao, aandikwe kwao. Sasa mama yangu kafia wapi?"

Nikaaga, nikaondoka.

Na kuna jambo sijamwambia. Jumamosi ile nilikutana na mama yake njiani, kashika tumbo. Akasema ni uchovu tu. Nilikuwa na haraka, nikakubali.

Nimebaki nawaza wapo wangapi wa namna hii. Mzee wa jirani aliharisha siku mbili akafa. Kwa kuwa alikuwa na presha, tukaandika presha. Labda ni kweli, labda si kweli. Kuna kichanga aliyezikwa kabla sijafika. Wakubwa wakituuliza ugonjwa umeua wangapi, tunawapa namba, nao wanaiamini. Dawa ya kutibu visima inaanzia penye vifo. Kwetu ni sifuri, kwa hiyo tutasubiri. Na kisima alichochotea maji mama yake Tumpe ndicho Tumpe anachochotea mpaka leo. Nimemwona na ndoo kichwani.

Inaniuma sana.

Nimeitoa tena fomu. Haina mahali pa aliyeugua hapa akafia ng'ambo. Nimeikata sifuri, nikaandika moja, na pembeni nikaeleza yote, pamoja na uzembe wangu wa Jumamosi. Wakinirudishia kwamba nimeichafua, nitaichafua nyingine.

Asubuhi naipeleka mwenyewe. Ila kwanza nitapita kwa Tumpe na vidonge vya kutibu maji nilivyobakiwa navyo, kabla hajachota. Kwa mama yake nilichelewa.