Albamu Tuliyoisikiliza Polepole

Barabara ya Barton Mashariki,
Hamilton, Ontario.
6 Machi 2016.

Mpendwa Baba Mdogo Vinko, na kupitia kwako makomredi wote mliobaki wa bendi ya Tanuru la Tatu,

Shikamoo. Naandika nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima, goti lako jipya likikubeba bila manung'uniko, na Mama Mdogo Loretta akiendelea na vita vyake dhidi ya mijusi wa bustanini. Sisi huku tu hai. Zaidi ya hapo sitasema kwa sasa, kwa maana nyumbani nilifundishwa kwamba salamu haichanganywi na kilio. Kilio kitapata aya zake.

Mama anasema umekonda kwenye picha ya jalada la albamu yenu mpya na anauliza kama Florida hakuna kabichi. Baba hajasema lolote kuhusu picha. Kifua chake kinamsumbua asubuhi, na daktari amemkataza kusimama kwenye baridi, naye amesimama kwenye baridi tangu majani yaanguke.

Unajua kwamba mwezi wa Agosti wakubwa wa kiwanda cha waya waliwafungia lango wafanyakazi wao. Magazeti huwaita "nguvukazi," kana kwamba wanazungumzia umeme. Mimi huwaita kwa majina, na jina la kwanza ni la Baba, kaka yako Stjepan, aliyemkabidhi mtu mwingine vijiti vya ngoma ile wiki mliyoalikwa kupiga nje ya mji kwa mara ya kwanza, kwa kuwa Babu alikuwa mgonjwa na nyumba ilihitaji mshahara usioyumba. Wewe ukaenda na sauti yako. Yeye akabaki na mashine ya kuvuta waya. Wakubwa walichotaka mwaka jana kilikuwa chepesi kukieleza: pensheni ikatwe nusu, na vijana waajiriwe bila pensheni kabisa. Asiyetaka, lango lile pale.

Sasa nije kwenye albamu yenu, maana ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Hukusahau desturi, na kwa hilo nakushukuru. Tangu albamu yenu ya kwanza, ukumbi wa chama cha wafanyakazi husikiliza kabla ya dunia. Inakuja santuri ya majaribio, ganda jeupe, kibandiko cheupe, bila jina, bila maandishi. Watu wanakaa. Hakuna anayezungumza, na hakuna anayeinuka kufuata bia mpaka upande umalizike. Nimezaliwa nikaikuta sheria hiyo, na nadhani niliitii kabla sijajua kutembea. Miaka kumi na moja tulikuwa hatujapata kitu kutoka kwenu. Halafu Januari, katikati ya majira mabaya kuliko yote, likaja boksi.

Tuliicheza Jumapili baada ya chakula cha mchana, siku moja kabla ya kura ya kukubali au kukataa masharti ya wakubwa. Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Baba ndiye aliyeshusha sindano, kama kawaida.

Sijui nikueleze vipi tulichosikia. Magitaa yaliingia kama vyuma vizito vinavyoburutwa sakafuni. Ngoma zilipiga, zikangoja, zikapiga tena, kama mtu anayepanda ngazi akisimama kuvuta pumzi. Kisha sauti yako. Tulimjua Vinko aliyekuwa akitoboa mabati kwa koo lake. Huyu aliimba kutoka chini kabisa, mzee, mzito, asiye na haraka ya kumfurahisha mtu. "Nifungulieni mlango, nimerudi na jua mfukoni." Tulimwona mtu amesimama nje, amechelewa mno, ameshika zawadi ambayo walioihitaji wameshakufa.

Dario, yule kijana wa idara ya kufunga mizigo, alinong'ona, "Jamani, mbona imelegea hivi? Mashine imechoka au wazee ndio wamechoka?"

Filomena wa jikoni akamgeukia na mwiko wake. "Dario, funga mdomo kabla sijaujaza supu. Huo ni uzee, mwanangu. Utaujua."

Pande nne za santuri zile mbili zilipita bila mtu kukohoa, na unajua ukumbi ule una vifua vya namna gani. Mwishoni Filomena alijifuta uso kwa aproni akasema, "Vinko leo ndiyo kaimba. Zamani alikuwa anapiga kelele tu." Na Baba, ambaye sijawahi kumsikia akikuzungumzia mbele za watu, alisema maneno mawili: "Naye amechoka."

Naye! Elewa uzito wa neno hilo dogo, Baba Mdogo. Miaka arobaini alikuwa akidhani amechoka peke yake.

Mimi nilipanda juu ya kiti. Wajua sijanyimwa ulimi. Nilisema kwamba hawa walioondoka hawakutuacha. Kwamba mtu anaweza kulala kando ya bahari ya joto na bado mifupa yake ikajua baridi ya lango la kaskazini. Kwamba muziki ule ulikuwa ushahidi wa mashahidi watoro waliorudi mahakamani kwa hiari. Walinipigia meza. Kesho yake walikataa masharti kwa kura nyingi kuliko ilivyotarajiwa na yeyote. Sidai kwamba santuri ilipiga kura. Lakini nilisimama mlangoni, nikawaona wazee wakienda kwenye sanduku wakivumisha wimbo wako kifuani, taratibu, kwa mwendo ule ule.

Wiki tatu baadaye nilikuwa dukani karibu na chuo nikichagua mkate. Kutoka kwenye spika ya dari alikuwa akiimba mtu mchangamfu, sauti nyembamba na nyepesi, makofi nyuma yake, na nusu ya mwili wangu ilikuwa imeshaanza kuitikia kabla akili haijafika. "Nifungulieni mlango, nimerudi na jua mfukoni." Ni mtu aliyetoka likizo. Mlango utafunguliwa tu, na ndani kuna sherehe.

Nilikwenda kuinunua. Nyuma ya jalada, chini ya picha yenu mkiwa mmevaa mashati ya maua, imeandikwa kwa herufi ndogo kwamba ichezwe kwa mizunguko arobaini na tano kwa dakika. Swichi ya mwendo ya mashine ya ukumbini imefungwa kwa utepe mweusi wa umeme kwenye thelathini na tatu tangu kabla sijazaliwa, ili walevi wasiichezee. Albamu zenu zote zilikuwa za thelathini na tatu. Nani angeuliza?

Nilimwambia Baba jikoni, nikiwa bado na koti.

"Baba, tuliicheza vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Mwendo. Ilitakiwa arobaini na tano."

"Nani anatengeneza albamu nzima kwa arobaini na tano?"

"Siku hizi wanasema sauti inatoka safi zaidi."

"Safi," alirudia, kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakuagiza. Akaniomba nisimwambie mtu. Nilikataa. Nilimwambia kwamba mapambano yanayohitaji ukweli ufichwe yameshashindwa, na sentensi hiyo bado naiamini, ingawa siku hizi naiamini bila raha yoyote.

Basi Jumapili iliyofuata Baba alibandua utepe kwa kisu cha kumenyea viazi, mbele ya wote, na tukaisikiliza kama mlivyoikusudia.

Ningependa kukuandikia kwamba watu walikasirika. Hasira ningejua pa kuipeleka. Waliipenda, Baba Mdogo! Miguu iligonga sakafu. Dario alipaza sauti, "Ee, hii sasa inachezeka!" akamvuta Filomena, na Filomena, mwenye miguu iliyovimba, alizunguka mara mbili akicheka na kumtukana. Kisha katikati ya wimbo wa pili mtu mmoja aliinuka akaenda kuchukua bia. Upande haujaisha. Akafuata mwingine. Hakuna aliyewakemea. Mazungumzo yakaanza mezani, ya mpira, ya bei ya petroli, nawe ukiimba nyuma yao kama ile spika ya dukani. Baba alikaa kando ya mashine, mikono magotini, akiitazama ikizunguka.

Nilipokuwa natoka, Dario alinishika bega. "Dada Mirna, na ile hotuba yako juu ya kiti, nayo ilikuwa mwendo gani?" Hakuwa na ubaya. Alikuwa anatania, na sikulala.

Ndipo nilipokupigia simu nikakutolea maneno ambayo mtoto hamtolei baba yake mdogo. Nilikuita msaliti. Nilikuuliza ulinunuliwa kwa bei gani. Ukasema, na nimeyakariri: "Mirna, mwanangu, nina miaka sitini na moja. Nimeimba huzuni ya mji ule tangu nikiwa na nywele. Wenzangu wawili nimeshawazika. Niruhusuni nifurahi."

Nilikata simu. Jibu la kukupa nimelitafuta tangu siku hiyo. Nimesoma, nimebishana na wenzangu chuoni mpaka wakanikimbia, na bado sijapata hoja inayomnyima mzee furaha yake. Unayo haki hiyo. Naiandika hapa kwa mkono wangu.

Lakini nami nina swali, na usilijibu kwa haraka. Maneno yalikuwa yale yale. Nyuzi ni zile zile, pumzi ni ile ile. Hatukuongeza kitu, tulikupunguzia kasi tu, na chini ya furaha yako tukamkuta mtu mwingine, ambaye kaka yako alimtambua mara moja. Je, mtu huyo tulimzua sisi kwa shida zetu? Au yumo humo, nawe unakimbia ili asikufikie?

Mengine ni mafupi. Wakubwa walileta masharti mapya, mabaya kuliko ya kwanza, na kura ya pili ilipigwa Jumatano moja ya mwezi uliopita. Yamekubaliwa. Hakuna hotuba niliyotoa. Ukitaka kujua kushindwa kunafanana na nini, ni wanaume wazima wakipanga foleni kimya, kila mmoja akiangalia kisogo cha mwenzake. Lango la kaskazini limefunguliwa, lakini kwa robo tu ya waliofungiwa nje, na Baba si mmoja wao. Moto wa pipa tuliouota pale langoni umezimwa kwa theluji. Chama hakina tena michango ya kuutunza ukumbi. Umeuzwa, na aliyeununua ameanza kung'oa vitu kabla hatujatoka. Kila kitabu nilichosoma kiliniahidi kwamba wanaosimama pamoja hushinda. Walisimama pamoja. Niliwaona.

Jana nilimkuta Baba pale ukumbini peke yake, amekaa na roli la utepe mweusi. Alikuwa ameirudisha swichi kwenye thelathini na tatu na kuifunga upya, mzunguko juu ya mzunguko, kwa uangalifu wa mtu anayefunga kidonda. Nilimkumbusha kwamba ule si mwendo wake halisi. Akasema, "Najua. Wa haraka ni wa Vinko, na uwe wake. Huu ni wetu."

Tutaicheza mara moja zaidi, hivyo, kabla wabebaji hawajaja kuchukua viti. Sitarajii uje. Nimeacha kutarajia, na ninajaribu kuzoea. Lakini kama goti lako linakubali ndege, na kama yule mtu wa chini bado anapumua, njoo umwache aimbe, au njoo ukae tu kimya upande mzima kama sisi.

Mama anakusalimu na kukukumbatia. Filomena anasema una deni la sahani yake ya supu ya mwaka wa harusi ya Baba. Dario anakusalimu kwa kukuita "babu wa jua." Nifikishie salamu kwa Mama Mdogo Loretta, kwa mwanenu Wyatt na mkewe, na kwa mpiga gitaa wenu Clement, mwambie vidole vyake tulivisikia vizuri sana. Mungu akulinde na upweke, akuongezee siku za furaha uliyoomba, na asikuulize mapema kama nilivyokuuliza mimi.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata ninapokupigia kelele,

Mirna

N.B. Nilimwambia Baba kwamba nakuandikia. Alisema, "Mwambie asijisumbue." Nikaendelea kuandika. Alikwenda mpaka mlango wa jikoni, akarudi. "Mwambie mlango wa mbele wa ukumbi umeshang'olewa, wamepigilia mbao. Apite wa pembeni, wa jikoni kwa Filomena. Hautafungwa." Basi ni Jumamosi, tarehe 19 Machi, saa moja jioni, mlango wa pembeni.