Mtani wa Mheshimiwa

Rasbura, Lindi
9 Julai 1960

Kwa mdogo wangu mpendwa, Yunusu,

Asalaam aleikum. Shikamoo yako ya kwenye barua imenifikia, marahaba, na marahaba tena. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kile kikohozi cha vumbi la Tunduru kimekuachia kifua chako. Huku sisi wazima kiasi. Mama miguu inamsumbua asubuhi, lakini jua likipanda anaamka na kugombana na kuku wa jirani, basi tunamshukuru Mungu. Mimi nipo na cherehani yangu ile ile. Siku hizi sishoni magauni. Kazi ni mashati na bendera za chama tu, hata nikifumba macho naona kijani na nyeusi.

Barua yako nimeisoma nikaikunja, nikaisoma tena. Unasema watu wa ushirika wa huku kwetu wamekuomba usimame katika uchaguzi huu, nawe umewajibu kuwa huwezi kushindana na kaka Rashidi, mtu aliyekulipia shule na kukuoza mke. Unaniuliza mimi dada yako kama umejibu vizuri. Ungeniuliza kabla ya mwezi wa tano ningekwambia umejibu vizuri sana, na ningekushonea kanzu ya zawadi. Leo siwezi. Tafuta mahali ukae peke yako, usome mpaka mwisho, na ukikasirika unikasirikie mimi, usimkasirikie mleta barua.

Wewe ulikuwa shuleni, kisha ukaenda Tunduru, kwa hiyo vyeo vya kaka umevisikia redioni. Sisi tumevila na kuvifulia nguo. Alianza ukarani Bomani, na hapa mjini hakuna aliyekuwa na mwandiko kama wake wala ulimi kama wake. Kisha akaingia baraza la mji. Mwaka hamsini na tano Gavana akamteua kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na mama akapika pilau Rasbura nzima ikala, hata wale tuliokuwa hatusemeshani nao. Halafu ukaja ule uchaguzi wa mwaka jana, wa kura tatu, kila mtu achague Mwafrika, Mhindi na Mzungu hata kama hao wawili hajawahi kuwaona. Kaka alisimama na wenziwe wawili. Mmoja alipata kura za jamaa zake, na jamaa zake ni wachache. Wa pili alikuja hapa nyumbani kumpa kaka mkono kabla hata hesabu haijatangazwa. Safari hii anataka kupita bila kupingwa. Hakuna jina jingine lililopelekwa Bomani, na mwisho wa mwezi huu mlango unafungwa. Ukifungwa hivyo, amerudi kwenye kiti bila karatasi hata moja kutumbukia sandukuni.

Sasa nikukumbushe mtani wetu Xaveri Likwata, yule Mmwera wa Namkumba. Ndiye aliyelala juu ya jeneza la baba akasema haondoki mpaka apewe jogoo, na mama katikati ya kilio akacheka. Utani wetu na ukoo wake tumeukuta kwa mababu. Atakalosema mtani halijibiwi kwa hasira, na mwenye kukasirika ndiye mwenye aibu.

Mkutano wa kwanza wa kampeni ulifanyika uwanja wa mpira. Kaka amesimama juu ya meza, watu wamejaa, mara Likwata akajipenyeza mbele na shati lililochanika mgongo mzima. Akapiga kelele kuwa mtu huyu asipewe kura hata ya kuazima. Alisema kaka alikuja kwake akala kuku wake, akalala kitandani kwake, kisha akaenda kukiuza kijiji chake chote kwa watu wa mkonge, na kwamba trekta limefukua mifupa ya mama yake. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kaka akamjibu toka mezani kuwa kuku mwenyewe alikuwa amekonda hivi kwamba alipomaliza kumla ilibidi aombe chakula. Uwanja ukalipuka. Nami nilicheka, Yunusu, nisikufiche.

Tangu siku hiyo watu wa kampeni wakampakia Likwata kwenye lori lao. Walisema akiwepo yeye mkutano unajaa. Wakaenda naye Mchinga, wakaenda naye Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko, na watu wa Kisiwani wakavuka kwa mitumbwi kuja kumsikia. Kule Kilwa hawakumjua, basi mtu wa chama alitangulia kuwaambia kuwa huyu ni mtani wa mheshimiwa, na wao wakaanza kucheka hata hajafungua mdomo. Nilimshonea shati jipya la mabaki ya vitambaa vya chama, mkono mmoja kijani, mmoja mweusi, ili achekeshe zaidi. Alilipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kama mimi namsikia anachokisema. Nikamwambia anasikika vizuri, sauti yake ni kubwa. Akanitazama kidogo, akapanda lori. Nilidhani anapenda wali wa safarini.

Mwezi wa tano ikaja habari kuwa Likwata amefariki, kifua. Kuchimba kaburi la mtani na kumtania maiti ni kazi yetu, unajua. Kaka alisema ana mikutano, atatuma vijana na sanda. Mama alimwambia kuwa aliyelalia jeneza la baba yake hatumiwi vijana, na akaanza kufunga miguu yake kwa khanga ili aende mwenyewe. Kaka akaona haya. Tukaenda kwa Landrova ya chama, yeye mbele na katibu, mimi nyuma na wanawake wawili na majembe.

Nilikuwa naitafuta Namkumba ninayoijua mimi, ile ya mikorosho na mihogo, na chemchemi chini ya mawe tuliyooga tukiwa watoto. Gari likaingia kwenye mkonge. Mkonge kulia, mkonge kushoto, mistari imenyooka mpaka macho yakauma. Nilipomuuliza dereva tutafika lini Namkumba, akasema ndiyo hii tunayoikanyaga. Watu wenyewe tuliwakuta chini kule bondeni, kwenye udongo mkavu usiootesha hata kunde, vibanda vimesimama ovyo. Wanawake wanapanda kurudi kule juu, wanapita katikati ya mkonge kufuata maji ya chemchemi, kwa sababu ndicho kitu pekee cha kwao kilichosalia. Watoto waliozikwa pale bondeni ni wengi kuliko nilivyotarajia.

Bi Rosalia, mjane, alinishika mkono akanipeleka kumwona mumewe. Alikuwa amemvika lile shati langu. Aliniambia ndilo pekee lililokuwa zima.

Ardhi ilikuwa ngumu, vijana wakaivunja kwa sululu. Katekista Klementi alikuwa amesimama pembeni na kitabu chake, akawaomba watani wafanye haraka nao wamalize yao, ili yeye naye aongoze sala kabla jua halijawa kali. Kaka akavua koti, akaingia kaburini kusawazisha, na watu wakasogea maana walijua utamu unakuja. Akaanza vizuri. Akasema Likwata ni mwizi, amekufa makusudi ili asirudishe shati la dada yake. Watu wakacheka. Akasema kule anakokwenda atawachosha malaika kwa maneno. Wakacheka tena. Kisha akaegemea mpini wa jembe, udongo umemfika kifuani. Nikadhani amechoka.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, Yunusu. Kaka alisema kuwa Likwata alikuwa anasema kweli siku zote. Kwamba yeye Rashidi, akiwa karani, alitumwa na wakubwa wa Bomani aje Namkumba kuwauliza watu kama wanakubali kuhama. Kwamba alikula kuku, akalala, akaamka, akaondoka, na hakumuuliza mtu yeyote neno lolote. Alirudi akasema wameridhia. Kwamba alijua wangekataa, na alijua pia kuwa mtu atakayerudi na jibu la ndiyo ndiye atakayekumbukwa siku Gavana akitafuta jina. Alisema kiti anachokalia kimetoka hapo, na kwamba anamwomba Likwata radhi.

Wallahi watu walicheka. Walicheka kuliko uwanja wa mpira. Wanawake wakapiga vigelegele, katibu wa chama akajifuta machozi, mzee mmoja akasema utani wa namna hii ulikuwa umekufa na mheshimiwa ameufufua. Mimi nilikuwa karibu, nikauona uso wa kaka. Alikuwa anatazama mtu mmoja mmoja, kama mtu anayengoja ajibiwe. Bi Rosalia peke yake hakucheka. Macho yao yalipokutana kaka akageuka, akacheka na yeye, akanyoosha mkono avutwe atoke.

Njiani, katibu na dereva walipoteremka kujisaidia, na wenzangu wakaenda upande wao, nilimuuliza kaka kama ule ulikuwa utani. Sikumpa nafasi ya kukwepa. Aliniambia haukuwa utani. Aliniambia kwa utulivu kabisa kuwa amesema mbele ya maiti na mbele ya watu, nao wamecheka, na mtu akishacheka amesamehe. Akaniuliza nilitaka aseme mara ngapi. Kisha, nadhani kwa sababu alijiona mwepesi, akaongeza lile ambalo limenifanya nikuandikie. Watu wa mkonge sasa wanataka na chemchemi, maji kwa ajili ya mashine zao. Ameulizwa tena kama wananchi watakubali, na ameahidi jibu mara tu uchaguzi ukipita. Nikamuuliza kama amewauliza watu wa Namkumba. Alisema namharibia safari. Mbele kidogo alisimamisha gari akanunua ndizi, akanipa mimi ya kwanza.

Nimejaribu kusema. Nilimwendea katibu, akacheka, na alipoona mimi sicheki akafoka kuwa uhuru uko mlangoni, na je, nataka Waingereza waseme tunagombana wenyewe kwa wenyewe kabla hata hatujaupata. Niliwaambia majirani, wakaniambia nimerithi kazi ya marehemu. Sasa kisimani watoto wananiita Bi Likwata, na mama zao hawawakatazi. Nikipita na kitambaa begani wananiuliza leo mheshimiwa ameuza nini. Mdogo wangu, nina hasira ambayo sijui niiweke wapi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: uje. Wakubwa wakitaka kujua kama watu wameridhia humuuliza aliyekaa kwenye kile kiti. Wanamwamini, hawaendi kutazama. Akipita kaka, chemchemi imekwenda, na wale watu hawana tena mahali pa kuhamia. Watu wa ushirika wanakupenda, na jina lako likifika Bomani kabla mlango haujafungwa, itabidi apigiwe kura na ajibu maswali. Pengine utashindwa. Pengine utapanda juu ya meza useme haya yote na watu wacheke, maana wewe nawe ni mtani wa Namkumba. Sina dawa ya hilo. Najua pia ni nani aliyekusomesha, na najua paa hili linalotufunika mimi na mama limeezekwa na nani. Siku utakapofika, kaka hatanisemesha tena, na huenda nikalazimika kubeba cherehani yangu kichwani kutafuta chumba. Nimekwisha kulifikiria hilo. Safari hii hata sisi tunaojua kusoma na kuandika tumeruhusiwa kupiga kura, nami nimejiandikisha. Katika wale wadhamini unaotakiwa kuwa nao, jina la kwanza liwe langu. Liandike kamili, na jina la baba, wajue ni wa nyumba moja.

Usipokuja, sitakulaumu kwa barua wala kwa kinywa. Nitajua tu kuwa nawe umeisoma barua hii ukacheka.

Mama anakusalimu sana, anauliza lini atawaona wajukuu. Nimemwambia utafika kabla ya mwisho wa mwezi, akafurahi, akaanza kutenga kuku. Sikumwambia unakuja kwa sababu gani. Kaka naye anakusalimu. Jana alikuwa hapa, ameketi kwenye kiti cha baba anakunywa chai, akasema nikikuandikia nikwambie anajivunia mdogo mwenye adabu. Nisalimie shemeji, wabusu watoto wote, na usisahau kupaka mafuta ya nazi kifuani.

Salamu nyingine zinatoka kwa Bi Rosalia. Ametembea na mwanawe kutoka bondeni mpaka hapa mjini kuniuliza kama nina ndugu mwingine. Nilipomwambia ninaye, akasema ukija anaomba kitu kimoja tu, usimtanie.

Ni mimi dada yako,
Mwahija binti Hasani