Kumtoa Fidèle Kwenye Moto

Alhamisi. Mvua imekatika mchana, na ukungu umekaa juu ya mji kama mgeni asiyeaga. Nyiragongo, mlima wetu wa moto, haionekani. Wengine wanasema jioni kunakuwa na wekundu kule juu, wengine wanasema ni macho tu. Mi leo upande ule siutazami.

Bon, niseme kilichotokea, maana hakuna mtu wa kumwambia.

Mashine ya mchezo iliyo chini ya tele yetu ni ya kaka yangu Fidèle. Aliibeba mwenyewe kutoka Goma tulipohamia hapa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Kisha wakati wa vita akavuka kurudi Masisi kuangalia ng'ombe wa familia, na mpaka leo, mwaka mzima, hakuna aliyemwona. Mama amekataa kilio. Baba mkubwa anakuja kutoka Nyakiriba kumwomba aite watu, wakae, walie, yaishe. Mama anampa chai, anamsikiliza, anamsindikiza mpaka barabarani. Mtu aliye safarini haliliwi, anasema, na mazungumzo yanaishia hapo.

Kaseti iliyobaki ndani ya mashine ni mchezo wa tatu wa mfululizo mmoja wa mapanga na majitu. Fidèle alikuwa amemaliza ile miwili ya kwanza. Kila mmoja lazima uwe na mlima wa moto, sijui kwa nini. Nadhani wanaotengeneza hawajawahi kulala chini ya mlima wa namna hiyo. Lava inatokota pande zote, na muziki wake si muziki hasa, ni sauti za watu wanaoguna mdomo ukiwa umefungwa. Mwanzoni unampa shujaa jina. Wa kwake anaitwa FIDELE, herufi kubwa, juu ya kichwa.

Na alimwacha mule mule ndani ya mlima, kwenye kibanda cha mawe karibu na daraja, mahali pa kuhifadhi mchezo.

Nakiri kitu cha kipumbavu. Kila Jumamosi Mama akienda mazoezi ya kwaya, nawasha mashine. Sichezi. Namtazama tu. Ukimwacha bila kubonyeza kitu anajifuta jasho, halafu anageuza kichwa na kukuangalia. Hapo nazima.

Jumamosi iliyopita nilirudi kutoka sokoni Mama ameshatoka, nikawasha, na hakuwa pale.

Alikuwa amevuka daraja. Alisimama kwenye kibanda kingine, ng'ambo ya lava, anajifuta jasho. Nyumba hii tunakaa wawili tu, mimi na Mama, na Mama hata redio ananiita nimfungulie. Nikagusa mashine kwa juu, ilikuwa na joto, na mi nilikuwa nimeiwasha sasa hivi tu.

Nilifikiri ambacho mtu yeyote angefikiri. Nilifikiri amerudi. Nikaita jina lake, kwa sauti ndogo, nikatazama hadi nyuma ya pazia la chumba chake. Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Ningekuwa na akili ningemuuliza Mama, lakini niliogopa kumpa tumaini la bure.

Leo asubuhi nimebeba vitenge vyangu kama kawaida kwenda kuuza Goma. Nimefika bariyeri ya mpakani, nikashindwa kuvuka. Nikarudi kwa njia ya nyuma, kupitia jikoni.

Mapazia yalikuwa yamefungwa. Sebule yote nyekundu kwa mwanga wa tele, na zile sauti zinaguna. Mama alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, rozari mkononi, na manette ya mchezo, ile yenye vitufe, katikati ya magoti. Kwenye tele kijana mwenye jina la kaka yangu alikuwa anakimbia kwenye ukingo wa lava. Akateleza, akaanguka, akawaka moto, tele ikawa nyekundu kabisa. Mama akasema Salamu Maria yote, taratibu, mpaka amina. Halafu akabonyeza kuanza tena.

Sijui amemwona akiungua mara ngapi.

Nilipomgusa bega hakushtuka. Mambo mazito Mama huyasema Kinyarwanda, lakini leo alitumia Kiswahili cha Goma, kile alichokuwa anapiga nacho soga na Fidèle.

“Mi si mujinga,” akasema. “Najua hii ni jeu, muchezo tu. Lakini jina ni yake.”

Nikakaa kando yake, na akanieleza akiwa anatazama mbele. Bibi yetu, mama yake, alimfundisha kwamba wafu waliokuwa wema wanakwenda mlima Karisimbi, kwenye baridi nzuri, na wale wengine wanatupwa Nyiragongo. Padri amekemea maneno hayo maisha yake yote, na Mama mwenyewe amewakemea wengine. Lakini alikuwa amemwona Fidèle akicheza, jioni nyingi, yeye akichambua maharage. Alijua mtoto wake alibaki wapi. Siku nilizokuwa sokoni akajifunza vitufe, kimoja kimoja.

“Sitaki mutoto yangu alale pale. Kule kwa mchezo iko na mulima ingine, ya neige, ya baridi. Alinionyeshaka.”

Nikataka kuchukua manette nimalize haraka. Akakataa. Nimwambie tu kitufe cha kuruka, basi. Tukakaa hivyo, mi nasema sasa, yeye anabonyeza. Ameanguka tena na tena. Mwishowe mlango wa mawe ukafunguka na mwanga ukawa mweupe. Zile sauti zikanyamaza. Tukampandisha njia yote ya theluji mpaka kibanda cha juu, Mama akahifadhi pale. Tukamwacha bila kubonyeza kitu. Hakujifuta jasho. Pumzi yake ilikuwa inatoka kama moshi mdogo, na alitazama mbele, si sisi.

Nilikuwa nafurahi, karibu nipige makofi, ndipo nikaelewa tulichofanya. Mtu aliye safarini hana haja ya kupelekwa Karisimbi.

Mama alizima mashine mwenyewe. Akafungua pazia. Akanyoosha kitenge chake kiunoni kama mtu anayetaka kwenda kazini.

“Sasa wanaweza kuja,” akasema.

Yuko jikoni anaosha vikombe, vyote, hata vile vya wageni. Namsikia. Mi ndiye nimeshindwa kuinuka. Kwa hiyo mwaka huu wote aliyekuwa anamsubiri Fidèle ni mimi?

Kesho nikiamka naenda Nyakiriba kumwambia baba mkubwa aite watu. Neno lenyewe, amekufa, sijawahi kulisema. Itabidi nilijaribu njiani.