Wembe wa Kilima Chetu

Bukavu, 4 Machi 2024

Maman mpendwa,

Sisi hapa Kadutu wazima, ni mkwe wako Elodie tu anayekohoa kidogo. Goti lako linasemaje? Kwenye labo, maabara yetu ya kupima damu, tumepewa kazi kubwa: kujua katika kila watu mia wa kwetu ni wangapi wanaishi na homa ya ini, aina ya B na ya C, bila kujijua. Tarehe 14 timu yetu itapanda kilimani kwetu Mudaka. Watu wanaogopa kutolewa damu, lakini wewe wanakuamini. Umewachanja chale za kutibu macho ya njano tangu sijazaliwa. Waambie waje, tafadhali.

Mwanao, Gracien

Mudaka, 24 Machi

Gracien mwanangu,

Goti ni lile lile la mvua. Elodie anywe asali, aache vidonge vya duka. Watu wako walikuta foleni imeshapangwa. Nilikaa wa kwanza, wengine waone kwamba sikufa. Mzee Aloys alisema, "Damu yangu iko kidogo, muniache." Nikamwambia, "Papa, ikala, uache maneno." Akakaa. Jumla mia mbili na sita, nimewahesabu mimi. Muuguzi wenu Tatiana ana mikono baridi lakini ana heshima, nikampa ndizi. Sasa leteni majibu, maana kila Jumapili baada ya misa ninaulizwa mimi.

Mama yako

Bukavu, 30 Aprili

Maman,

Natumaini uko salama. Barua hii nimeianza mara tatu. Aina ya B tumeipata kwa watu kumi, wakubwa kwa wadogo. Aina ya C ni kumi na wanane, na kumi na sita kati yao wamepita miaka hamsini. Kumi na watano walichanjwa na wewe. Wa kumi na sita ni wewe.

C inapita katika damu, na wembe ukitoka kwa mtu kwenda kwa mwingine unaibeba. Hakuna aliyewahi kukwambia. Kuna vidonge vya miezi mitatu vinavyoponya wengi, daktari wetu anavitafuta. Nakupenda, Maman. Usininyamazie.

Mwanao, Gracien

Bukavu, 2 Juni

Maman,

U hali gani? Mwezi umepita. Colette wa sokoni anasema alikuona Mudaka, ukabadili njia ili msisalimiane. Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Mwanao

Mudaka, 23 Juni

Gracien,

Mimi mzima wa mwili. Nilikukasirikia wewe, kisha wembe, mwishowe nikabaki na mimi mwenyewe. Siku hizi kila mtu anakuja na wembe wake mpya, lakini zamani ulikuwa mmoja kwa kilima kizima. Niliuosha kwa maji ya moto nikauona safi. Nimelia sana.

Halafu nikapita nyumba kwa nyumba, kwa wote niliowachanja, hata wale ambao hamkuwapima, nikawaambia kwa mdomo wangu. Wengine walinifungia mlango. Aloys alisema, "Maman, ulinichanja kwa mapendo. Twende wote." Jumamosi tunashuka Bukavu kupimwa na kutibiwa, watu ishirini na tisa.

Lakini kuna mmoja sijamwambia. Alikuwa na miaka miwili, macho njano kabisa, marehemu baba yako akamshika miguu nami nikamchanja. Wembe ulikuwa ule ule. Umepima kilima kizima, mwanangu. Wewe nani amekupima?

Mama yako

Bukavu, 26 Juni

Maman wangu,

Barua yako imefika. Makovu ninayaona kila nikioga, na bado sikuwahi kujiuliza. Jana Tatiana alinitoa damu. Ninayo, C. Elodie hana, mtoto wetu hana.

Sikukukasirikia hata kidogo. Niliwaza mama kijana mwenye hofu, akinichanja nisife. Vidonge vya kwanza vimefika. Katika orodha ya watakaoanza, jina langu nimeliandika chini ya lako. Shukeni mapema.

Mwanao, Gracien