Kesho Mbakize

Milepa, Jumatano jioni

Nilipomwona baba yake Kabula anakuja darasani na fimbo, nilijua leo yamenikuta. Wiki iliyopita alinionya nisimbakize binti yake kusoma wakati ng'ombe wanamsubiri. Jana nikambakiza tena. Walimu wenzangu wote wakajifanya wana kazi ofisini.

"Shikamoo," nikasema. Akaitikia, akaweka chupa mezani. Dawa ya ng'ombe, kainunua mjini kwenye haya maduka ambayo siku hizi kila mtu anafungua.

"Soma hapa, Mwalimu."

Nikasoma: ya kuogeshea tu, ni sumu ikinywewa.

Akaegemeza fimbo ukutani. "Muuzaji aliniambia niwanyweshe. Kabula akanishika mkono, akanisomea hivyo hivyo. Nikadhani ananidanganya."

Akachukua chupa yake. "Kesho mbakize."

Asante hakusema. Nami barua ya kuacha kazi ilikuwa mkobani, tayari kwa mwalimu mkuu. Shemeji ananingoja nikauze dukani kwake Chanji, mjini.

Karatasi zimeniishia. Andalio la somo la kesho nimeliandika nyuma ya ile barua.